Kidevu cha Mshitakiwa

Watu wa mji ule walisema Mzee Shomvi, enzi za ukinyozi wake, angemnyoa nzi akiruka na nzi mwenyewe asijue. Leo alikuja na mkewe, Bi Tatu, kutazama mahakama ya kale, ile iliyohukumu watu wakati wa vita.

“Huyu aliletwa na ndevu hadi kifuani,” kiongozi wa wageni alisema, akionyesha picha ukutani. “Mashahidi wakashindwa kumtambua. Kesho yake akarudishwa amenyolewa, wakamnyooshea vidole wote. Akanyongwa.”

“Tena kanyolewa akanyoleka,” Bi Tatu akasema, akikitazama kidevu pichani. “Baba Mwanaidi, kinyozi huyu si alikushinda?”

Shomvi aliisogelea ile picha. Siku ile alipoitwa gerezani na wembe wake, yule mshitakiwa alimnong'oneza, “Niachie japo kidogo, ndugu yangu.” Naye, kwa kujivunia kazi yake, alirudia wembe mpaka kidevu kikang'aa.

“Mzee, picha haiguswi,” kiongozi akasema kwa upole.

Lakini kidole gumba cha Shomvi kilikuwa kimeshatua kwenye kioo, kikilivuta lile shavu pembeni, kama kinyozi alivutavyo kabla ya kuweka wembe.