Trekta la Baba Juu ya Tela

Asubuhi ile Twisege alilifunga trekta la marehemu baba yao juu ya tela kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa mdogo wake, Lwitiko, alimwambia linakwenda kwenye maonyesho ya wakulima na lingerudi Jumapili. Lilikuwa kuukuu, wekundu wake umepauka, na Twisege ndiye aliyeliendesha mashambani miaka kumi na tisa. Aliliacha kwenye gia, akavuta breki, akasukumiza kabari chini ya magurudumu, kisha akapitisha minyororo kwenye ekseli, miwili mbele na miwili nyuma.

"Dada, unajua kufunga," dereva wa lori akamsifu. "Tajiri wangu atafurahi. Anataka kuliweka mbele ya hoteli yake, wageni wapige nalo picha."

Twisege akaacha kukaza mnyororo. "Hoteli gani?"

Dereva akamgeukia Lwitiko. Lwitiko akatazama chini.

"Nilitaka kukuambia, dada."

"Lini? Baada ya kunifanya nilifunge mwenyewe?"

Twisege akaurudia mnyororo wa mwisho, akaukaza mpaka ukatulia, maana mteremko wa kutoka mjini ulikuwa mkali na hakutaka lianguke. Halafu akakanyaga gurudumu, akapanda, akaketi kwenye kiti cha chuma.

"Dada, shuka. Watu wanatuangalia."

Twisege alishika usukani kwa mikono miwili, macho mbele. Dereva alikwisha kuwasha lori, na moshi ukawa unapanda taratibu kati ya ndugu wale wawili.