Waya wa Mwalimu Kulusum

"Ijulikane kwa wakubwa na wadogo, kuanzia Kibuli hadi Nsambya, kwamba Mahakama ya Nidhamu imeketi kusikiliza shauri zito kuliko yote tangu shule hii ijengwe!"

Katibu wa wanafunzi alisoma hayo akiwa amesimama juu ya kiti. Kisha akashusha sauti.

"Jino limepotea."

Lilikuwa jino la bandia, la mbele, mali ya mkuu wa shule, Afande Ogwang, polisi mstaafu. Asubuhi alilitoa ofisini ili ale muwa. Alipotoka kunawa mikono, likatoweka.

Mshtakiwa alikuwa Okeny, mwenye zamu ya kufagia ofisi. Sanduku lake lilikwisha fungwa kamba: leo leo angefukuzwa, na mtihani wa mwisho angeusikia redioni. Mama yake, Joska, alikuja mbio kwa boda kutoka kambi ya polisi.

"Afande, huyu mtoto iko na meno yake yote," alisema. "Ya kwako atafanyia nini?"

"Kimya, mama! Mwithi ni mwithi!" alifoka Afande, upepo ukimpita kwenye pengo.

Mwalimu Kulusum wa fizikia akaomba nafasi. Alikuwa na waya mwembamba wa titani na nikeli, uleule aliofundishia wiki iliyopita: ukiwa baridi, unakunjika, ukipata joto, chembe zake hujipanga upya, ukanyooka wenyewe. Somo lilikuja baada ya ugali wa posho na maharage. Darasa zima lililala, isipokuwa katibu.

"Mdomoni mwa mwizi utanyooka," alitangaza mwalimu, akiukunja ndani ya bakuli la maji baridi. "Wote walioingia ofisini leo watajaribiwa."

Katibu akaomba kwenda jikoni kunywa maji. Akaruhusiwa, katibu ni mtu wa heshima.

Okeny akauweka waya mdomoni. Ukanyooka. Joska akashika kichwa.

Mwalimu akaukunja tena majini. Akaja Ayaa, kiranja: ukanyooka. Mpishi: ukanyooka. Afande mwenyewe, kwa hasira, akaubana mdomoni. Ukachomoza kupitia pengo.

"Kwa hiyo nimejiibia?" akafoka.

Akabaki katibu. Mdomoni mwake waya ulitoka umejikunja vilevile, kama mkia wa kinyonga.

"Kumbe tuna mtakatifu," alisema Ayaa.

"Hongera, katibu," alisema Mwalimu Kulusum, akitabasamu. "Sema asante."

"Mmh."

"Fungua mdomo, mwanangu. Useme vizuri."

Mimi, katibu, nikaufungua. Kipande cha barafu kikaanguka mezani mbele ya Afande, na katikati yake jino lake likawa linamchekea.

Okeny akafungua kamba ya sanduku lake, akanitupia.

"Nililigandisha nikutilie kwenye soda yako ya jioni, Afande," nikakiri. "Kwa haraka, nilichukua kipande sicho."