Jiko la Bi Mwaija

Sheria ilitaka kila nyumba iendeshwe na mfumo wa kompyuta wa Kampuni. Asubuhi hiyo mfumo ulijisasisha, jiko likagoma kuwaka, na uji wa mgonjwa ulikuwa bado mbichi.

Bi Mwaija akafungua kioo cha ukutani cha kuendeshea mfumo. Ndani ilikuwa Linux, programu ileile ya bure ya kuendeshea kompyuta, imechakachuliwa ikauzwa. Hata programu ya jiko aliiandika yeye ujanani, akaigawa bure. Jina lake watu wa Kampuni walilifuta.

“Washenzi,” alimwambia mumewe mgonjwa, Shekue, aliyelala kochini. “Hata kuiba hawajui.”

Akarekebisha mstari wa programu waliouharibu. Jiko likawaka. Papo hapo mlango ukajifunga, na sauti ya upole ikasema kutoka kwenye kioo, “Umeingilia mali ya Kampuni. Usiguse chochote mpaka wakaguzi wafike.”

Uji ulipofurika, akabonyeza kuzima. Jiko halikumsikia tena; likazidi kuwaka, mlango ukiwa bado umefungwa.