Kiroboto Katika Upepo

Mgeni aliingia bila kubisha, koti linachuruzika mvua, mkononi kabeba keki.

"Yuko wapi Profesa Ludomir? Keki hii ama ataila, ama nitampaka usoni. Itategemea majibu yake."

Jagna, mwanafunzi wa uzamivu wa profesa huyo, aliacha kuandika ubaoni. Mgeni alijitaja kuwa Bożydar, kutoka Opole, na shida yake ilikuwa mhakiki. Jarida lilimrudishia makala yake, na jina la aliyeihakiki, kama ilivyo desturi ya wanahisabati, lilifichwa. Makala isipokubaliwa mwezi huu, kazi aliyoahidiwa chuoni ingekwenda kwa mwingine.

"Umejuaje kuwa ni profesa wangu?"

"Kadai mpaka wa chini! Nimethibitisha wa juu, yeye anataka na wa chini pia. Dada yangu, Poland nzima nani ana roho mbaya hivyo kama si ninyi wa hapa Wrocław?"

Jagna alijikuta anacheka. Ndipo Bożydar alipoutazama ubao.

"Kumbe nawe unamfukuza kiroboto yuleyule!"

Ndiyo hesabu yenyewe. Kiroboto anarukaruka ovyo, nasi tunakadiria uwezekano wa kumkuta mahali fulani baada ya muda fulani: mpaka wa juu husema hauzidi kiasi gani, wa chini husema haupungui kiasi gani. Sasa upepo uvume. Je, makadirio yatasimama? Swali hilo lilikuwa roho ya tasnifu ya Jagna, na katika hisabati anayefika wa pili hapewi shahada.

"Mpaka wa chini nimeshaupata. Nimewatumia wa jarida wiki hii. Tazama!"

Bożydar alinyakua chaki, akaandika kwa fujo. Jagna alitafuta kosa kama mtu atafutaye ufunguo huku nyumba inaungua. Hakuliona.

Profesa Ludomir alichungulia mlangoni, kikombe mkononi.

"Mzee, ndiwe uliyenikataa?" Bożydar akamkabili.

Profesa alifikiri. "Sikumbuki, kijana wangu. Nimekataa wengi. Kama ni mimi, pole sana. Hiyo keki ni ya jibini?"

Walikula wote watatu, Bożydar akimtukana mhakiki kwa mdomo uliojaa: mbuzi, kisirani, mchawi wa mabano. Profesa alipokea kila tusi kwa upole, na baada ya kila tusi akajiongezea kipande.

"Mlainishe mzee wako, dada," Bożydar alinong'ona akiaga. "Maisha yangu yamo mikononi mwake."

"Nitajitahidi."

Alipobaki peke yake, Jagna aliufuta ubao wote, pembe hadi pembe. Kisha akaketi, akamwandikia mhariri wa jarida, kwa haki na kwa siri kama alivyokuwa amemwahidi: "Safari hii ichapisheni. Mpaka wa chini niliomdai, ameuleta."