Jiwe la Visigino

Mwalimu Shemdoe aliweka beseni la maji mezani. Kila mtoto alikuwa amekuja na jiwe lake, kama alivyowaagiza.

"Jiwe likitiwa majini?"

"Linazamaaa!" Darasa zima likaitika kwa sauti moja, kama kawaida yao.

Leo sauti ile ilimtia shaka. "Haya, mimi nasema linaelea."

"Linaeleaaa!"

Mwalimu akabaki na chaki mkononi. Hakuna aliyecheka. Wote waliitika kwa furaha ileile, isipokuwa Mwanakheri wa dawati la mbele.

"Mbona wewe huitiki?"

"Samahani, Mwalimu. Jiwe gani?"

"Jiwe ni jiwe, Mwanakheri."

Mwanakheri akampa lake. "Hili la bibi, la kusugulia visigino."

Lilikuwa la kijivu, limejaa vitundu, jepesi kama andazi. Mwalimu akaligeuza huku na huku. Miaka yote alikuwa amefundisha somo hili kwa chaki tu.

"Litazama, Mwalimu?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza.

"Sijui."

Neno hilo watoto hawakujua linaitikiwaje. Kisha dawati moja likakwaruza sakafu, na jingine, na wote wakasogea wenyewe kulizunguka beseni, wakisukumana kimyakimya.

Mwalimu akamrudishia Mwanakheri jiwe lake, kisha yeye mwalimu akainama miongoni mwao ili aone vizuri.

Mwanakheri akanyoosha mkono juu ya maji, akaanza kufungua vidole.