Oveni ya Mapadri

Biira alijifunga taulo mkononi, akauinua mlango wa oveni upande wa kushoto, akaupiga kwa goti, ndipo ukafunguka. Akatoa sinia la biskuti lililokuwa baridi kama maji ya mtungi, kisha akapuliza vidole. "Ssss! Iko moto!"

"Mama, unapuliza sana," alisema binti yake, Proscovia. "Mutu ataona unacheza tu."

"Nyamaza, mutoto. Ndoa yako iko ndani ya hii sinia."

Hapo hakudanga­nya. Mchana ule walimngoja Mama Bright kutoka Kasese, mzazi wa kijana aliyetaka kumwoa Proscovia. Mama huyo ndiye aliyelisha biskuti harusi zote, kuanzia mjini hadi Kitswamba. Oveni yake hakuna aliyewahi kuiona. Alisema biskuti haipendi macho ya watu. Lakini alichokitangaza mbele ya kanisa kila mtu alikisikia: mwanawe hataoa kwenye nyumba isiyojua kuoka. Proscovia, aliyempenda Bright kwa moyo wote, alilia mpaka macho yakavimba.

Mama yake hakulia. Alikwenda kwa Magidu, muuza mitumba wa pale mpakani Mpondwe, akarudi Bwera na oveni imefungwa nyuma ya bodaboda. Magidu alimwapia kwamba ilitoka Kongo, nyumbani kwa mapadri wa Butembo, na kwamba mikate ya Noeli ilikuwa imeizoea. Biira akaichomeka kwenye umeme. Haikuwaka. Akaipiga makofi, akaiombea, haikuwaka. Mlango nao ulikuwa mkaidi. Ile siri ya kuinua kushoto na kuupiga kwa goti ilimchukua karibu mwezi kuigundua. Basi akaiweka sebuleni, akaitandikia kitambaa cha kufuma, akaisimamishia juu picha ya harusi yake, na majirani wakaja kuiona kama mtoto mchanga.

Biskuti zenyewe Proscovia alizipata kwenye simu. Unachemsha sukari, maziwa, kakao na siagi juu ya sigiri ya mkaa, unachanganya na karanga za kusaga na biskuti za dukani zilizopondwa, unadondosha kwa kijiko juu ya nailoni, unaziacha zigande. Naam, biskuti za kutengenezea biskuti. Dunia ina mambo. Tabu ilikuwa joto. Ziligoma kuganda mpaka Biira alipotafuta mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani mwake, akapapata ndani ya oveni, juu ya beseni la maji.

Mama Bright aliingia amevaa gauni la gomesi linalong'aa, akaujaza mlango. Hata salamu hazijaisha, macho yake yakaangukia oveni. Akasimama pale pale, mkoba unaning'inia.

"Hii ulitoa wapi?"

"Congo, mama. Ilikuwa ya bapadiri ya Butembo."

"Ya bapadiri," alirudia polepole, akachagua kiti cha mbali kabisa.

Wivu huo, Biira aliwaza, na moyo wake ukanenepa. Akajifunga taulo, akauinua mlango, akaupiga kwa goti, akatoa sinia, akapuliza vidole kwa ufundi wote aliojifunza asubuhi.

"Pole, Mama Proscovia, usiungue," alisema mgeni. Kisha akatazama taa ya darini. "Kumbe huku umeme iko? Sisi Kasese imekatika tangu jana."

Biira alitazama taa. Haikuwaka. Huku nako umeme ulikuwa umekatika; alikuwa amepiga mahesabu yote isipokuwa hayo.

"Inatunza moto, mama," Proscovia alidakia. "Vitu ya bazungu inatunza moto sana."

Mama Bright alichukua biskuti moja, akaishika kwa muda kama anayeipima homa. Akaigeuza, akatazama tumbo lake, mahali ambapo biskuti ya oveni hukauka na kupata rangi. Ya Biira ilikuwa laini, imebeba mikunjo yote ya nailoni. Akauma. Akatafuna muda mrefu, akiwa amefumba macho.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ile ya Biira ilianzia kwenye oveni ikaishia mezani. Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Ovyo gani hii, kumvunjia mtoto harusi kwa ajili ya sifa za majirani? Proscovia aliinamisha kichwa, na chozi likadondokea chai.

Mama Bright aliweka kipande kilichobaki kwenye kisahani, akainuka, akaelekea kwenye oveni.

"Mama, ngoja!" Biira aliruka. "Hiyo mulango inasumbua, wacha nifungue mimi..."

Hakuwahi. Bila hata kuutazama, Mama Bright aliuinua mlango upande wa kushoto, akaupiga kwa goti, na mlango ukamtii.

Alichungulia ndani, akaliona beseni la maji. Akafunga taratibu, akakinyoosha kitambaa cha kufuma, akairudisha picha mahali pake. Kisha akaja kuketi karibu kabisa na Biira, akachukua biskuti ya pili.

"Harusi tutafanya mwezi wa kumi na mbili," alinong'ona. "Lakini huyu Magidu ni mwongo sana. Mimi wakati namuuzia aliniapia itavuka Congo."