Karavati Zilizovuliwa Bandarini

Fundo la mwisho lilikataa kufunguka. Claudine alilivuta kwa kucha, akalivuta kwa meno, akatukana kidogo, likaachia. Kila karavati, tai ya shingoni, katika sanduku la baba yake ilikuwa bado na fundo lake, na mikono yake ilichoka hata kabla ya kuwasha pasi.

"Mama, si uziuze tu na mitumba?" Chancelle, binti yake, alisema mlangoni. "Ni kamba za wazee."

"Nyamaza. Lete makaa."

Papa Faustin, baba yake Claudine, alikuwa kitini karibu na dirisha. Tangu kiharusi kimpige, hakusema neno. Claudine alimlisha, alimwogesha, alimgeuza usiku, kisha akaenda kazini Makiso, katikati ya mji, na macho mekundu. Hakulalamika, hakuwa na muda. Alitaka jambo moja tu: jina la baba yake litajwe kwa heshima mbele ya watu, angali anapumua.

Karavati ndizo zilizobeba jina hilo. Miaka ya abacost, ile suti ya bila karavati, serikali ilipokataza wanaume kuvaa karavati, Papa Faustin alikuwa kijana wa chama tawala, akilinda bandari. Alipokuwa na ulimi wake aliwaambia watoto, kwa Kiswahili chake safi cha Kasongo: "Hizi nilizivua bandarini, kwa mkono wangu." Basi nyumbani wote walijua. Wasafiri wa boti za Basoko walizitupa mtoni kwa woga, naye akazivua mojamoja kama samaki, akazificha. Angegunduliwa, angefungwa. Claudine alisimulia hivyo shuleni, harusini, matangani.

Alasiri Papa Cyprien alishuka kwenye toleka, akamuaga mwenye baiskeli, akaingia. Mjini walimwita mzee wa karavati. Jumapili angeonyesha zile alizokusanya, kwenye ukumbi wa parokia.

"Ah, maman Claudine! Hii ni mali!" alisema akizipapasa. "Za sasa iko plastiki tu. Ona upana, ona bitana. Mutu alikuwa anavaa hii, anatembea hivi!" Akakatiza sebule kwa maringo, tumbo mbele.

"Papa, utavunja meza," Chancelle alisema akicheka.

Kwa sauti ya mgeni Papa Faustin aligeuza uso, akatazama ukuta.

"Amechoka," Claudine alisema. "Hapa sote tumechoka." Kisha, huku akipiga pasi, akamsimulia mgeni habari ya mto, kama alivyoisimulia mara nyingi.

Cyprien aligeuza karavati moja baada ya nyingine, akikagua upande wa nyuma. "Hariri ikikunywa maji ya mto, inakunjamana. Hizi hazina hata doa."

"Papa alizitunza vizuri."

"Donc, basi, alizitunza." Akainua moja ya kahawia yenye majani madogo. "Watu wanasema niko na wazimu, kuokota karavati za marehemu kila mutaa. Bon. Ni hii nilikuwa natafuta."

Claudine aliweka pasi chini. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega yake yalishuka.

"Chukua zote, Papa Cyprien. Lakini Jumapili usimame mbele ya watu, utaje jina lake, na uwaambie jinsi alivyozivua."

Mzee alimtazama yule aliyegeukia ukuta.

"Nitawaambia, maman," alisema polepole. "Hii aliivua shingoni mwangu, bibi harusi akiwa amenishika mkono."